UZI: Nyasi bandia ama nyasi asili kwa besiboli? Njooni tubishane

beisi_ya_pili
Wadau, najua watu wa besiboli hapa Nairobi tukikusanyika wote hatujazi matatu mbili, lakini hii maneno imenikaa kooni. Kila tukianza kuongea mambo ya kutafuta kiwanja chetu wenyewe, sio hii ya kuombaomba kona ya uwanja wa soka, lazima mtu aseme "tuchange tuweke astro, hii nyasi ya plastiki, Marekani wote wako huko". Nani aliwaambia? Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na zile zenye viwanja vyake vimewekwa nyasi bandia ni tano, Toronto, Tampa Bay, Arizona, Texas na Miami. Tano! Na ukiziangalia vizuri hizo tano, zote viwanja vyake vilijengwa na paa. Hao wengine 25 wanamwagilia na kukata nyasi.

Hii kitu ilianza na shida ya mwanga, hakuna mchezaji aliyeomba. Mwaka wa 1965 Houston walifungua Astrodome, jumba zima la besiboli lenye paa, na ndani wakapanda nyasi ya kawaida juu paa lilikuwa la vipande vya plastiki angavu vinavyopitisha jua. Sasa mchana wachezaji wa nyuma wakiinua macho kufuata mpira, mwangaza unawapiga usoni, mpira unapotelea huko juu alafu unaangukia pembeni wamesimama tu. Dawa ikawa kupaka rangi vile vipande. Mpira ukaonekana, nyasi ikafa. Wakamaliza msimu wakichezea udongo na nyasi iliyokufa imepakwa rangi ya kijani, na hapo tunaongea timu ya ligi kuu, sio ya mtaa. Mwaka wa 1966 ndio wakaletewa zulia la nailoni la kampuni ya Monsanto, ndio AstroTurf yenyewe, likawekwa kwanza sehemu ya ndani kwenye beisi, alafu katikati ya msimu sehemu ya nyuma.

Na leo Houston hao hao wako kwa uwanja mwingine tangu 2000, una paa la kufungua na kufunga, na chini ni nyasi asili. Wenye walianzisha walirudi. Sasa sisi wenye jua la bure tunakimbilia plastiki ya nini?

Otis_Buru
Umeanza fiti lakini umeruka kipande kizima ndio hoja yako isimame. Cincinnati, Pittsburgh, St. Louis na Philadelphia walikuwa na paa gani? Hizo zote zilikuwa wazi, mvua inanyesha ndani, na bado ilikuwa zulia. Kufikia 1982 timu 10 kati ya 26 zilikuwa kwa nyasi bandia, na zenye ziko ndani ya jumba hazikufika nusu ya hizo. Kansas City pia, uwanja wazi kabisa, zulia tangu 1973 hadi wakabadilisha msimu wa 1995. Kwa hivo hio stori ya paa peke yake haitoshi mzee.

beisi_ya_pili
Sijairuka, nilikuwa naiwekea nafasi yake. Hivo viwanja vya miaka ya 70 vilijengwa mviringo ndio vitumike na besiboli na ile futboli yao ya helmeti. Wanaume wa kilo mia na kitu wanasukumana kwa matope Jumapili, alafu siku mbili tatu baadaye unataka mpira mdogo wa besiboli utambae hapo bila kuruka ukampiga mtu meno. Nyasi haiwezi kupona hapo katikati. Zulia likawa jibu la mwenye uwanja na mhasibu wake. Baltimore walipofungua uwanja wao wa 1992 wa besiboli peke yake, wa nyasi, kila mtu akaanza kutaka kama huo, na mazulia yakaanza kung'olewa, St. Louis 1996, Cincinnati 2001.

Lakini nikuambie ukweli Otis, hio besiboli ya zulia ilikuwa tamu kuangalia. Zulia la zamani lilikuwa jembamba, limetandikwa juu ya sponji na chini yake ni lami ama simenti. Mpira ukigonga chini hautulii, unateleza mbio umepita katikati ya watu umefika ukutani, kwa hivo timu zilikuwa zinatafuta watu wa kasi kuliko watu wa nguvu. St. Louis ya 1985 ilikuwa na Vince Coleman, huyo aliiba beisi 110 msimu mmoja, yaani kukimbilia beisi ya mbele bila kungoja mpira upigwe, na ndio alikuwa anaanza ligi kuu. Fainali za mwaka huo St. Louis na Kansas City wakakutana, zulia kwa zulia. Na Dave Concepción wa Cincinnati, akiokota mpira mbali kule kona na hana muda, alikuwa anaurusha makusudi udunde mara moja kwa zulia ndio umfikie wa beisi ya kwanza, juu alijua hautadunda vibaya. Jaribu hio kwa uwanja wetu wa mazoezi uone kama huyo wa beisi ya kwanza hatakutafuta jioni.

nyota_ya_Ngara
Coleman si ndio yule alikanyagwa na turubai? 😂 Maze hio stori ikinijia kichwani lazima nicheke alafu nijute. Uwanja wa St. Louis ulikuwa na mtambo wa kutandaza turubai ya mvua wenyewe kwa wenyewe. Oktoba 1985 mtu wa kasi kuliko wote kwa ligi amesimama pale anapasha mwili moto, lile rola likaja polepole nyuma yake likapanda mguu. Ikawa ndio mwisho wa msimu wake, fainali akaangalia tu. Na hio turubai ilikuwa inaenda kwa mwendo wa konokono.

msee_wa_magoli
Mimi ni wa soka nimepotea njia nikaingia uzi wenu, lakini hapa nina neno. Nyinyi mnaongea besiboli ya kwa TV, sisi tumechezea hizi vitu. Kuna astro moja ya kulipia kwa saa, siitaji jina, mimi niliteleza hapo saa saba mchana jua likiwa kali, paja likachubuka pale pembeni karibu na nyonga, ile ngozi ya juu ikabaki kwa plastiki. Usiku shuka inashikana na kidonda, asubuhi ukitaka kuamka unaivuta kidogo kidogo na maji ya uvuguvugu. Na zile punje nyeusi za raba, zinaingia kwa soksi, kwa viatu, kwa masikio. Mke wangu alizipata kwa sufuria ya ugali na mpaka leo sijui zilifikaje huko.

Joto nalo usiseme. Hizo punje ni matairi ya magari yamesagwa, zinakunywa jua mpaka soli inakuwa laini. Nyasi inajipoza yenyewe juu ina maji ndani, plastiki itajipoza na nini?

beisi_ya_pili
Karibu sana ndugu, hapa hakuna mgeni. Na hio ya joto ni kweli kabisa, kwa jua kali uso wa nyasi bandia unaweza kupita nyuzi 60, wakati nyasi asili hapo kando iko chini sana ya hapo. Na besiboli tunateleza kwa tumbo kuingia beisi, kwa hivo hio paja yako sisi tungekuwa nayo kila Jumamosi. Ndio maana hata wenye zulia huko ligi kuu wanaweka udongo pale kwenye beisi. Toronto walikaa miaka mingi na vishimo vidogo vya udongo karibu na beisi tu, kwingine kote zulia, mpaka 2016 ndio wakaweka udongo kamili.

Otis_Buru
Lakini tusichanganye ya zamani na ya sasa. Zulia la Astrodome na hili la leo ni vitu viwili tofauti, ni kama kulinganisha ngoma ya kaseti na simu. La leo lina majani marefu ya plastiki laini, katikati yanajazwa mchanga na hizo punje, mguu unazama kidogo. Tampa Bay walikuwa wa kwanza kuliweka kwa ligi kuu, mwaka wa 2000. Na punje sio lazima iwe tairi. Ule uwanja mpya wa Texas uliofunguliwa 2020 umejazwa mchanga na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi ya nazi! Kitu watu wa Kilifi wanawashia moto.

nyota_ya_Ngara
Ai kumbe. Sasa hio mje mniambie bei nimpigie shangazi Malindi.

raba_noma
Nyote mnacheza na moto. Hizo vitu ni sumu, zinaleta kansa ya ubongo, wachezaji wa Philadelphia walikufa wote juu ya hio zulia, tafuteni. Wakubwa wanaficha.

beisi_ya_pili
Pole pole mkuu, "wote" ni neno kubwa. Chenye kiko wazi ni hiki: wachezaji sita waliowahi kuchezea Philadelphia wakati wa ule uwanja wa zulia, Veterans Stadium, walikufa na aina moja ya kansa ya ubongo, glioblastoma. Tug McGraw ni mmoja wao, na Darren Daulton. Mwaka wa 2023 gazeti la Philadelphia Inquirer likapeleka vipande vya lile zulia la zamani maabara, vikapatikana na PFAS, zile kemikali ambazo hazivunjiki zikaisha. Hapo ndipo ushahidi unaishia. Hakuna aliyethibitisha kwamba zulia ndio liliwaua. Mtu anaweza kuogopa, hio ni haki yake, lakini tusiandike kama hukumu imesomwa.

Chenye kimeamuliwa ni upande wa Ulaya, na sababu yao ni vipande vidogo vya plastiki vinavyosombwa na mvua kuingia mitoni. 2023 walipitisha sheria ya kusimamisha uuzaji wa hizo punje za viwanjani, na wakapeana miaka minane ya kujipanga. Sasa jiulize, stoo zao zikijaa mali ambayo haiuziki kwao, nani ataletewa kwa bei ya kutupa? Mimi naishi Nairobi, nimeona venye mitumba inakuja.

nyota_ya_Ngara
Huyo Tug McGraw ndio yule aliulizwa kati ya nyasi na AstroTurf anapenda gani, akajibu hajui, hajawahi kuvuta AstroTurf (kwa Kiingereza cha mtaani "nyasi" ni bangi). Mungu amlaze pema. Lakini jibu ni jibu.

kocha_wa_softi
Habari zenu. Nimesoma uzi wote nikiwa kwa foleni ya Mombasa Road, kwa hivo nilikuwa na muda wa kutosha 😄 Mimi nafundisha softiboli ya wasichana wa sekondari, na naona mnabishana kama watu ambao hawajawahi kugawana kiwanja.

Kijana wa beisi ya pili, hoja yako ya jua la bure ni nzuri, lakini nyasi haitaki jua peke yake, inataka kupumzika. Uwanja tunaotumia sisi asubuhi ni gwaride la shule, saa nne wavulana wa soka, mchana raga, jioni sisi, Jumapili kuna kanisa na hema zao na viti vya plastiki, vile vyenye miguu minne inayochimba. Pale anaposimama mrushaji wangu hakujawahi kuwa na jani tangu nifike hapo. Mvua ya Aprili ikishuka ni dimbwi, Januari ni vumbi mpaka wasichana wanakohoa. Sasa mwambie huyo msichana aliyevunjika kidole juu mpira umegonga jiwe ukaruka kwamba nyasi asili ni bora. Nyasi gani?

Na kuhusu paa, angalia Wajapani. Kule viwanja vingi vya ligi yao kuu ni nyasi bandia, na sio vya paa peke yake. Jingu ya Tokyo iko wazi, Yokohama iko wazi. Kwa nini? Jingu mchana wanachezea vyuo vikuu, jioni inaingia timu ya ligi kuu. Hakuna nyasi itavumilia hio ratiba. Uwanja wa Koshien ni kati ya wachache waliobaki na nyasi yao nyuma, na sehemu yote ya beisi ni udongo mtupu. Kwa hivo swali la kwanza sio mchezaji anapenda nini, ni kiwanja kinakanyagwa na watu wangapi kwa wiki.

beisi_ya_pili
Kocha shikamoo. Hio ya Jingu nimeipenda, na naona inakaa vizuri kabisa na ile ya Astrodome. Zulia huwa linakuja mahali nyasi imenyimwa kitu. Houston ilinyimwa mwanga. Miami walipanda nyasi 2012 chini ya paa la kufungua, ikahangaika na kivuli, 2020 wakatandika zulia. Arizona walikaa na nyasi tangu 1998, lakini hebu fikiria jangwa la Phoenix, inabidi ufungue paa mchana nyasi ipate jua, jengo linaiva, alafu unaanza kulipoza kabla mashabiki waingie. 2019 wakachoka. Jingu imenyimwa kupumzika, na wewe hapo shuleni umenyimwa hicho hicho. Kwa hali yako hata mimi ningekubali astro, mradi isiwe ya matairi na tuwe na bomba la kuilowesha kabla ya mechi ya mchana.

Lakini sisi tunaotafuta kiwanja chetu, cha besiboli, chenye tutatumia Jumamosi na Jumapili na jioni moja moja, tumenyimwa nini? Jua tuko nalo. Siku za kupumzika tuko nazo. Tukitandika zulia hapo tutakuwa tumenunua dawa na hatuumwi.

Na kuna magoti. Andre Dawson alichezea Montreal miaka kumi na ushee kwa zulia lao mpaka magoti yakaisha, akaamua kuondoka. 1987 akaenda kwa Cubs wa Chicago, uwanja wa nyasi, na mkataba wenye hajajaza pesa, akawaambia jazeni nyinyi. Wakaandika dola 500,000, pungufu ya zile alikuwa anapata Montreal. Akakubali! Msimu huo akapiga homurani 49, zile za kuvusha mpira nje ya ukuta, akawa mchezaji bora wa ligi, na timu yake ilimaliza mkiani. Mtu alikata mshahara wake mwenyewe juu ya nyasi.

Otis_Buru
Hio ya Dawson ni ya zulia juu ya simenti, tumeshakubaliana la leo ni tofauti. Usituuzie kesi ya 1987.

beisi_ya_pili
Sawa, punguza makali yake nusu. Lakini hata na hili la leo, wachezaji wa ile futboli yao bado wanapigania nyasi kupitia chama chao, na FIFA kwa Kombe la Dunia 2026 ilidai nyasi asili kila uwanja, wenye zulia wakaambiwa watandike nyasi juu. Mwenye goti lake ndio anajua.

fundi_nyasi
Nimengoja wenye vitabu wamalize. Mimi kazi yangu ni kupanda nyasi, nyumba za watu, mahoteli, na viwanja viwili vya shule. Niwaambie kitu hakuna mtu amegusa hapa, na ndio kitaamua kila kitu: udongo.

Kama hicho kiwanja kiko upande wa Embakasi, Syokimau, Athi River huko, uko kwa udongo mweusi ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka mkono unaingia kwa ufa. Hapo weka nyasi, weka astro, weka dhahabu, yote itakuwa na mawimbi. Lazima uchimbe utoe, ujaze maramu, kokoto, mchanga, uweke mabomba ya kutoa maji. Watu wanadhani astro unakunjua tu kama mkeka. Chini ya astro nzuri kuna barabara nzima, na pesa nyingi inalala hapo. Na plastiki yenyewe ukifikisha miaka 8 au 10 inakuwa upara, unang'oa, na hakuna mahali pa kuitupa. Nyasi ikiwa upara mimi nakuja na gunia la vipandikizi.

Kama ni udongo mwekundu, Kiambu, Karen, Kabete, uko na bahati. Maji yanapita. Weka nyasi ya kikuyu, hii hii inatambaa kando ya barabara unaikanyaga. Ni ya kwetu, asili yake ni hizi nyanda za juu, na wazungu waliichukua wakaipeleka Australia, Afrika Kusini, Kalifornia. Pale Los Angeles kuna uwanja mkubwa wa gofu, Riviera, mpira wao unalala juu ya kikuyu. Huko kwingine wanaipiga dawa kama gugu juu haifi. Hio ndio sifa unataka kwa kiwanja. Mchezaji akiichimba na spaiki inatuma mizizi inaziba. Nyasi ya pemba ni nzuri kwa mbele ya nyumba lakini ni laini sana kwa kazi hii, msidanganywe na wale wa kuuza kando ya barabara.

Shida ya kikuyu ni kuikata. Ukiiacha wiki mbili za mvua inakuwa godoro, mpira utalala hapo ndani muanze kuutafuta. Slasha haitoshi, slasha inaacha vichuguu, mpira unaruka ovyo, na nadhani ndio ilivunja kile kidole cha msichana wa kocha. Unataka mashine ya roli, na mtu wa kuisukuma kila baada ya siku chache, na huyo mtu alipwe. Viwanja vingi hapa havikuuawa na jua. Viliuawa siku mshahara wa huyo mtu ulisimama.

kocha_wa_softi
Fundi hapo umesema. Sisi mashine tuko nayo, imekaa stoo imefungiwa na ufunguo haujulikani uko na nani.

nyota_ya_Ngara
Swali dogo nje ya mada. Denver mpira unapaa sana juu wako mita 1,600 hivi kutoka baharini, mpaka tangu 2002 wanaweka mipira kwa chumba chenye unyevu ndio isiwe mikavu sana. Nairobi tuko karibu 1,800. Sasa si sisi kila mtu atakuwa Dawson?

beisi_ya_pili
Ndio maana nimewaambia tusitandike kitu cha kuongeza mbio za mpira chini, juu tayari ni vita 😂 Denver wenyewe wako kwa nyasi.

Fundi, sehemu tunayoangalia iko upande wa Kabete, nyuma ya shamba la mtu, udongo mwekundu, kuna mteremko kidogo kuelekea mtoni. Maji ya bomba hakuna, kuna kisima cha jirani. Tuanzie wapi?

fundi_nyasi
Mteremko usiuondoe wote, utakusaidia kutoa maji, ila mrushaji awekwe upande wa juu. Jirani muongee naye mapema kabla ajue mnapanda nyasi, akishaona malori bei ya maji itapanda. Mimi Jumamosi niko Wangige, nitapita na jembe. Tutachimba shimo la futi mbili, tujaze maji, tukunywe chai tukiangalia yanakaa ama yanaenda. Yakikaa mpaka chai iishe tutaongea bei ya kokoto.